Huna hela ya matibabu Moshi? Anzia ustawi wa jamii

Mgonjwa akisubiri siku ya kuruhusiwa ndipo aseme hana uwezo, bili imeshapanda na afisa ustawi wa jamii amebaki na kazi ya kuombea deni. Mwoneni siku ileile ya kulazwa. Mkifika wikiendi, mwambieni muuguzi wa zamu aandike kwenye faili kwamba mnamhitaji.

Kwanza jueni mko kundi gani. Mtoto wa chini ya miaka 5, mjamzito, na mgonjwa wa kifua kikuu au VVU kwa huduma za maradhi hayo, hawaji kuomba huruma: sera ya afya inawapa msamaha wa malipo katika vituo vya serikali. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo yumo pia, ila ataulizwa kitambulisho cha matibabu cha halmashauri. Kifuatilieni akiwa mzima, si akiwa kwenye machela.

Wengine wanahitaji barua ya mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, yenye muhuri wa mtendaji. Iliyoandikwa "huyu ni mkazi wangu" basi, haimsaidii mtu. Iseme nyumbani wako wangapi, wanaishi kwa kibarua gani, nani anawatunza. Swali la kihamba, yaani shamba la nyumbani, halikwepeki Kilimanjaro. Elezeni mapema kama ni cha ukoo na hakiuziki, maana migomba mbele ya nyumba si hela mfukoni. Jina nalo lifanane na la kwenye faili: "Mama Eli" wa kwenye barua, kwa mhasibu, ni mtu mwingine kabisa.

Mahojiano na afisa ustawi wa jamii ni siri ya mgonjwa. Mkiulizwa dirishani mbele ya foleni, ombeni chumba.

KCMC ni hospitali ya kanda, iliyo chini ya shirika la kanisa, kwa hiyo msamaha wa hospitali za mkoa, Mawenzi ya hapa Moshi au Mount Meru kule Arusha, msiutegemee uwavushe. Nendeni na barua ya rufaa pamoja na nakala za karatasi zote, mkaanze tathmini upya.

Dharura haingoji barua. Aliyegongwa na bodaboda aanze kutibiwa, ndugu mmoja akimbilie polisi kuchukua PF3, fomu ya matibabu ya majeruhi.

Dawa ikikosekana stoo mtatumwa famasi ya nje, na huko msamaha haufiki. Kabla ya kutoa hela, rudini kwa daktari mumuulize kama ipo nyingine ya kazi hiyohiyo ndani.