Kukagua Land Cruiser kabla na baada ya msafara wa Ziwa Natron

Wiki moja kabla ya safari, wanachama wa msafara walete magari gereji na kila mmoja alale chini ya gari la mwenzake. Mwenye gari ameshazoea tone la oili analoliona kila asubuhi; mgeni atauliza linatoka wapi. Njia ya kutoka Mto wa Mbu kupitia Selela na Engaruka hadi Engare Sero, kijiji cha kando ya ziwa, lami ikishakwisha, ina vumbi, mawe, makorongo ya mchanga na mwishoni magadi, na kila kimoja kina sehemu yake ya gari kinachoiharibu. Maelezo haya ni ya Land Cruiser 70 yenye ekseli ngumu mbele, kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwenye misafara yetu.

Anzeni na ekseli ya mbele. Nyuma ya kila gurudumu kuna tufe la chuma lenye jointi ya CV (kiungo kinachozungusha gurudumu hata likikata kona) ndani yake. Ndani humo inatakiwa grisi nzito peke yake. Mkiona uji mweusi mwepesi unachuruzika kwenye tufe au upande wa ndani wa tairi, sili ya ndani ya ekseli imekwisha: oili ya difu (boksi la gia la katikati ya ekseli) inavuka na kuiyeyusha grisi. Kuongeza grisi hakusaidii, maana oili itaendelea kuja na difu itaendelea kupungua. Fungueni, safisheni jointi kwa dizeli, ikaushwe, badilisheni sili, kisha jazeni grisi ya lithiamu yenye molibdenamu. Kazi hii huchukua siku nzima kwa fundi mzuri, ndiyo maana ukaguzi haufai kufanywa usiku wa kuamkia safari.

Halafu inueni gurudumu kwa jeki, gari likiwa limewekewa stendi. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki huku unatikisa. Mchezo ukipotea, beringi za habu (kitovu cha gurudumu) zimelegea. Ukibaki, ni beringi za juu na chini za tufe, na hizo ndizo zinazofanya usukani utetemeke kwenye barabara ya makorogesho, yaani yenye mawimbi madogo madogo.

Oili za difu zikaguliwe kila gari, hata kama zilibadilishwa juzi. Fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu ya juu igome, gari halitoki gereji. Oili ya 80W-90 ya daraja la GL-5 inafaa kwa difu, ijazwe hadi iguse mdomo wa tundu, gari likiwa limesimama sawasawa. Giaboksi ni jambo jingine: fuata kitabu cha gari, kwa sababu baadhi ya oili za GL-5 hula shaba ya singronaiza (pete zinazolainisha ubadilishaji wa gia).

Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, na chanzo mara nyingi ni kipumulio, kitundu cha hewa cha difu. Difu ikipata moto kisha ikatumbukia kwenye maji baridi ya korongo, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta. Kipumulio kikizibwa na tope, maji hupita kwenye sili. Ng'oa kipumulio cha kiwandani, unganisha mpira wa oili na uupandishe hadi ndani ya boneti kwa mbele, na juu karibu na taa kwa nyuma. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na difu. Na kabla ya kuvuka korongo lenye maji, simameni dakika kadhaa difu ipoe, na mkague kwanza kwa miguu: kina, mawe, na upande wa kutokea.

Kwenye filta ya hewa, vumbi la njia hii ni jembamba. Ipulize kila jioni kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo. Usiigonge kwenye bampa, karatasi hupasuka usione.

Sasa matairi, ambako wengi hukosea. Kwenye lami na mzigo, 40 psi (kipimo cha upepo); kwenye changarawe, 28 hadi 30; mchanga wa korongo, 18, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Lakini kama una rimu za vipande (zenye pete ya chuma inayotoka) na tairi la 7.50R16 lenye tyubu, usishuke chini ya 22 hivi. Likilegea sana, tairi huteleza kwenye rimu, huburuta tyubu na valvu hung'oka. Rimu hizo zinapojazwa upepo, pete iwe imefungwa kwa mnyororo na hakuna mtu mbele yake. Pete ikiruka huua.

Gari likikwama, chimbeni kwanza, punguzeni upepo, kisha kamba. Kamba ya kuvuta ifungwe kwenye ndoano zilizofungwa kwenye chesi kwa shakeli zenye alama ya WLL 4.75T (mzigo wa kazi usiozidi tani 4.75). Kifundo cha kuvutia trela hakifai kabisa: kikikatika huruka kama risasi, na kimeshaua watu. Msiunganishe kamba mbili kwa shakeli. Watazamaji wakae mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba.

Ziwani penyewe, egesheni kwenye nyasi na mtembee. Ukoko mweupe unaonekana mgumu, chini yake ni tope la magadi, na gari litakalotumbukia litavuta na lile linalokuja kulisaidia.

Mkirudi, osheni chini ya gari kwa maji safi ya bomba siku hiyo hiyo, hasa breki, springi na viunganishi vya nyaya, kwani magadi hayangoji. Pigeni grisi kwa pampu kwenye krosi zote za propela (viungo vya shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) hadi ile ya zamani itoke, toa nyasi zilizonasa karibu na ekzosi zisije zikawaka, na mkaze upya yubolti (bolti za umbo la U) za springi. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 100 za lami.