Katheta ya dayalisisi inagoma? Pitia hapa kabla hujakimbilia dawa

Mwenzangu mpya kwenye yuniti kanipigia, mgonjwa ana katheta (mrija wa dayalisisi) ya muda mrefu shingoni, upande mwekundu, ule unaopeleka damu mashineni, hautoi damu vizuri na mashine inalia tu. Nilichomwambia ndiyo hiki. Ni cha manesi. Wewe mgonjwa au ndugu soma tu uelewe, ila nyumbani vifuniko msiguse.

Hatua ya 1. Barakoa wewe na mgonjwa, glavu, sugua vifuniko. Hii unaijua.

Hatua ya 2: vuta, usisukume. Sirinji ya ml 10, vuta kama ml 5 kila upande, mwaga kwenye gozi nyeupe uone. Vinyuzi vyeusi vikibaki juu ya gozi, humo ndani damu imeganda. Ikigoma usilazimishe, na sirinji ya ml 2 weka mbali kabisa, presha yake ni kubwa, itapasua katheta au irushe bonge mapafuni.

Hatua ya 3: ni bonge kweli? Iliyowekwa juzi tu ikagoma, mara nyingi imekunjika au ncha imekaa vibaya, omba eksirei. Iliyofanya kazi miezi halafu spidi ya damu ikaanza kushuka chini ya ml 300 kwa dakika, hapo shuku bonge au utando wa faibrini (nyuzi za damu kuganda) kwenye ncha. Mwambie akohoe, ageuze shingo, mlaze bila mto. Kugeuza laini nyekundu na bluu, yaani bluu ivute damu na nyekundu iirudishe, mimi sipendi, inakuvusha siku hiyo lakini damu iliyokwisha safishwa inarudi tena mashineni.

Hatua ya 4: dawa. Daktari akiandika, alteplezi (dawa ya kuyeyusha bonge) mg 2 kila upande, iache dakika 30 hadi 120, kisha vuta uimwage. Anayetoka damu au katoka operesheni juzi, muulize daktari kwanza. Ikishindikana, katheta ibadilishwe, msing'ang'anie.

Hatua ya 5: kufunga, yaani kujaza katheta heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) mpaka dayalisisi ijayo. Hapa ndipo mabonge mengi yanapoanzia na ndipo watu wanaharakisha maana zamu inaisha. Flashi kila upande salaini ml 10 hadi 20, sukuma-simama, sukuma-simama, mpaka paipu iwe nyeupe kabisa, ukiacha wekundu kidogo tu ndo mbegu ya bonge la wiki ijayo. Halafu soma namba iliyoandikwa kwenye katheta yenyewe, ml 1.9 au 2.0 au vyovyote, ndicho kiasi cha heparini cha upande huo, na nyekundu na bluu zinaweza kutofautiana, kwa hiyo habari za "sisi tunaweka 2 kwa wote" achana nazo. Ukipunguza, ncha inabaki na damu. Ukizidisha, inaingia mwilini: heparini ya uniti 5000 kwa ml, ukizidisha ml 1 umempa uniti 5000 na anaenda nyumbani, usiku anatoka damu. Mimi napendelea ya 1000, ml 1 ya ile ya 5000 na salaini ml 4, changanya, weka lebo. Funga klempu ukiwa bado unasukuma sirinji, ukiachia kwanza damu inarudi nyuma kwenye ncha, na ukishafunga usifungue tena eti kuhakikisha.

Utafiti wa Kanada uliochapishwa 2011, wagonjwa 225, waliofungiwa alteplezi mara moja kwa wiki badala ya heparini tupu katheta ziligoma kwa asilimia 20, wenzao karibu 35. Nzuri, ila bei yake huku kwetu tunaijua.

Akianza kutetemeka na homa mashine ikiwa inazunguka, suala la bonge liache kwanza, shuku maambukizi: chukua damu ya kalcha (ya kuotesha vijidudu maabara) kabla ya antibiotiki, na umuite daktari.