Roketi itaruka leo? Soma hewa kabla ya kuwasha jenereta

Hapa Katuba, Lubumbashi, vijana wakija kwangu kuangalia roketi na kura (umeme) haiko, ni esansi (petroli) yangu na mega zangu za intaneti zinazoteketea. Kwa hiyo siwashi kitu mpaka nimesoma utabiri wa hewa wa Cape Canaveral, kule zinakorushwa roketi.

Utabiri huo hutolewa siku chache kabla na watabiri wa jeshi la Marekani pale Florida. Tafuta asilimia kwanza, na uangalie inahesabu nini: kwao ni uwezekano wa hewa kuvunja masharti ya kurusha. Waandishi wa habari huigeuza, 20 mbaya ikawa 80 nzuri. Mimi ikipita 50 mbaya, esansi inabaki kwenye bidoni.

Kisha soma sababu. Mvua si tatizo kubwa kama radi, na hapo ndipo vijana wangu hubisha sana. Roketi ikipanda na mkia wake wa moto huweza kuamsha radi ambayo wingu peke yake lisingeitoa. Apollo 12, tarehe 14 Novemba 1969, ilipigwa mara mbili katika dakika ya kwanza. Ikafika Mwezini hata hivyo. Roketi ya Atlas-Centaur ya Machi 1987 ilipigwa, ikapotea. Basi ukiona yametajwa mawingu ya ngurumo au tabaka nene la mawingu, jua hata bila mvua wanaweza kukataa. Radi ikipiga umbali wa kama kilomita 18 kutoka njia ya roketi, kwa kawaida wanangoja dakika 30.

Linganisha saa pia. Mwezi wa saba, saa kumi alasiri ya Florida ni saa nne usiku kwetu, na ndiyo saa ya ngurumo zao. (Wajerumani wa kampuni ya OTRAG waliorusha roketi huku kwetu Shaba, yaani Katanga, walifanya hivyo Mei 1977, halafu Mei na Juni 1978: kiangazi chetu kitupu, bila ngurumo.)

Upepo wa juu haumo ndani ya ile asilimia. Umeandikwa pembeni, hatari ndogo, ya kati au kubwa. Anga inaweza kuwa safi kabisa kwenye picha, puto za kupimia zikaleta habari mbaya.

Mwisho, uliza wana muda gani wa kungojea. Kwenda Kituo cha Anga cha Kimataifa mara nyingi ni sekunde moja tu. Tarehe 27 Mei 2020 chombo cha Crew Dragon chenye watu wawili kilisimamishwa kwa hewa mbaya dakika kama 17 kabla, kikaondoka tarehe 30. Muda ukiwa wa saa kadhaa, zima jenereta, rudi baadaye.