Kupima magonjwa ya kurithi ya kutoganda damu: linda sampuli kwanza

Kazi yangu ni maabara, na majibu mengi ya ajabu ninayokutana nayo chanzo chake si mgonjwa, ni tyubu. Tumia yenye kizibo cha bluu mpauko, iliyo na sitreti (kemikali inayozuia damu isigande kwenye tyubu) ya asilimia 3.2, na uijaze mpaka kwenye alama: damu sehemu 9 kwa sitreti sehemu 1. Ukiishia nusu, sitreti inazidi, muda wa kuganda unarefuka, na mtu asiye na tatizo anaonekana ana himofilia, yaani upungufu wa kurithi wa protini ya kugandisha damu. Igeuze taratibu mara 3 au 4, usiitikise. Usichote kwenye mrija uliopitishiwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Na friji, tafadhali, hapana! Baridi hupunguza protini ya von Willebrand, mojawapo ya protini zinazosaidia damu kuganda, kwenye damu ambayo haijatenganishwa. Iache kwenye joto la kawaida la chumba na uilete mapema. aPTT, kipimo cha muda wa kuganda, tunataka kuipima ndani ya saa 4.

Tukishapata plazma (majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe) tunaanza na aPTT na PT, kipimo kingine cha muda wa kuganda. PT ikiwa sawa na aPTT imerefuka, tunachanganya plazma ya mgonjwa na ya watu wazima wa afya, nusu kwa nusu. Muda ukirudi kawaida, yaelekea kuna faktori (protini ya kugandisha damu) iliyopungua. Usiporudi, kuna kizuizi, yaani kitu kwenye damu kinachozuia kuganda. Kizuizi cha faktori ya 8 ni kijanja: mara nyingi hakijitokezi mpaka mchanganyiko ukae nyuzi 37 kwa saa 1 au 2. Kisha hupimwa faktori ya 8 na ya 9, kila moja peke yake. Chini ya asilimia 1 ya kiwango cha kawaida ni himofilia kali, 1 hadi 5 ya wastani, zaidi ya hapo mpaka 40 ni nyepesi. Mtoto mchanga ana faktori ya 9 ya chini kwa maumbile, kwa hiyo upungufu mdogo upimwe tena akifikisha miezi 6.

aPTT nzuri isikutulize. Ugonjwa wa von Willebrand, yaani upungufu au ubovu wa protini ile, huweza kuipita bila kuigusa, na upungufu wa faktori ya 13 hauonekani kwenye PT wala aPTT. Binti anayetokwa na hedhi nzito tangu avunje ungo, na mama yake alikuwa hivyohivyo? Omba kiasi cha protini ya von Willebrand, utendaji wake na faktori ya 8, vyote pamoja. Ujauzito, maambukizi, hata kilio cha mtoto anayeogopa sindano huipandisha protini hiyo, basi jibu zuri la siku moja halitoshi kumwondolea shaka. Wenye kundi O nao huwa nayo kidogo kuliko wengine. Yote hayo yaandike kwenye fomu, pamoja na dawa anazotumia. “Anatokwa damu” peke yake hainisaidii.