Jinsi ya kupima chipukizi, drafti na kikosi cha besiboli bila kukurupuka

Mashabiki wa besiboli hugombana zaidi kuhusu vijana ambao bado hawajafika ligi kuu kuliko kuhusu wanaocheza humo. Nani achaguliwe kwenye drafti, zoezi la kila mwaka ambapo klabu huchagua vijana kwa zamu, nani apandishwe, nani aachwe aende zake. Kelele nyingi zinatokana na kutazama kitu kimoja tu: takwimu za kijana wiki hii. Mimi naanza na vitu viwili vingine, umri na kalenda ya mkataba, ndipo nafungua takwimu. Nitaeleza kwa mifano ya Pittsburgh Pirates, klabu ninayoifuatilia. Ubingwa wake wa mwisho ni wa 1979, kwa hiyo sisi mashabiki wake tumepata muda wa kutosha wa kujifunza habari za chipukizi.

Unachohitaji ni intaneti, daftari, na kurasa za Baseball Reference na FanGraphs, ambazo takwimu zake za msingi ni za bure.

Hatua ya 1: Jua ngazi

Chini ya ligi kuu kuna Triple-A, Double-A, High-A na Single-A, halafu ligi za wanaoanza kabisa. Kwa Pirates, ngazi hizo nne ni Indianapolis, Altoona, Greensboro na Bradenton. Andika za klabu yako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Ukisoma kwamba dogo fulani amepelekwa Altoona, ujue papo hapo kwamba yuko hatua mbili kutoka juu.

Hatua ya 2: Tazama umri kabla ya takwimu

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mpigaji mwenye wastani wa .300 (anafaulu kupiga mara tatu katika kila nafasi kumi) kwenye Single-A anaonekana moto wa kuotea mbali, mpaka ugundue ana miaka 24 na anawapiga vijana wa miaka 19 na 20. Mwingine ana .250 kwenye Double-A, watu wanamkebehi, kumbe ana miaka 19 na kila mrushaji anayekutana naye amemzidi miaka minne au mitano. Mimi nitamchukua huyo wa pili bila kufikiria mara mbili.

Kwa hiyo andika hivi kwenye daftari: jina, umri, ngazi, halafu tofauti ya umri wake na umri wa kawaida wa ngazi hiyo. Takwimu zije baadaye. Kati ya takwimu zenyewe, anza na mbili: anatolewa kwa straiki tatu mara ngapi, na anapata besi ya bure mara ngapi kwa kuacha mipira mibaya ipite. Wastani wa kupiga hupanda na kushuka kwa bahati. Hizo mbili zinatulia mapema.

Mfano mzuri ni Konnor Griffin. Pirates walimchagua akitoka sekondari huko Mississippi mwaka 2024. Mwaka 2025, akiwa na miaka 19, alipita Single-A, High-A na kumalizia Double-A, akapiga .333 na homurani 21 (mipigo inayomzungusha mpigaji besi zote), akaiba besi 65, yaani kuikimbilia besi inayofuata bila kungoja mpira upigwe. Namba hizo kwa mtu wa miaka 23 ni nzuri. Kwa mtu wa miaka 19 ni jambo jingine kabisa.

Lakini umri mdogo si kinga. Jackson Holliday, chaguo la kwanza la drafti ya 2022, alipanda ngazi nne ndani ya msimu wa 2023. Baltimore Orioles wakamwita ligi kuu Aprili 2024 akiwa na miaka 20. Katika mechi 10 za mwanzo alipiga mara 2 katika nafasi 34, akarudishwa chini. Waliomwandika kuwa ameshindikana walitakiwa kusubiri hadi Julai 31 tu: aliporudi siku hiyo, homurani yake ya kwanza ya ligi kuu iliingiza pointi nne kwa mpigo.

Hatua ya 3: Soma alama za skauti

Skauti, yaani watafuta vipaji wa klabu, hutoa alama kuanzia 20 hadi 80. Alama 50 maana yake ni wastani wa mchezaji wa ligi kuu, si wa mitaani. Usidharau 55. Kwa mpigaji hupimwa mambo matano: kuupata mpira, nguvu, mbio, mkono wa kurusha, na ulinzi uwanjani.

Mimi naipa uzito zaidi ile ya kwanza. Mbio na nguvu havina kazi kama gongo haligusi mpira. Ndiyo hofu iliyomfanya Griffin asubiri hadi chaguo la tisa: kila mtu aliona mbio, mkono na nguvu, ila wengi walitilia shaka kama ataupata mpira. Klabu nane zilimpita. Kwa hiyo alama zisome kama maoni ya siku ile, na uandike tarehe pembeni.

Hatua ya 4: Drafti isome kwa fedha, si kwa jina la kwanza

Drafti hufanyika Julai na ina raundi 20. Kwanza punguza matarajio. Mwaka 2013 Houston Astros walimchagua Mark Appel namba moja. Namba mbili alikuwa Kris Bryant, na Aaron Judge alisubiri hadi namba 32. Appel alifika ligi kuu mwaka 2022, tena akiwa na Philadelphia Phillies. Mike Trout alikuwa namba 25 mwaka 2009. Albert Pujols alichukuliwa raundi ya 13.

Pili, na hili ndilo watu hawalitazami: kila chaguo katika raundi 10 za kwanza lina thamani iliyopangwa, na jumla yake ndiyo bajeti ya klabu. Ukiizidisha kidogo unatozwa kodi. Ukivuka asilimia 5 unaanza kupoteza chaguo la raundi ya kwanza mwaka unaofuata. Lakini ndani ya bajeti hiyo unaweza kuhamisha fedha utakavyo. Ukimpata wa kwanza kwa dau dogo, kinachobaki unampa kijana wa raundi ya chini ambaye asingekubali kuacha chuo kwa fedha kidogo.

Chukua drafti ya Pirates ya 2021. Walikuwa na chaguo la kwanza, lenye thamani ya dola milioni 8.4. Wakamchukua mdakaji Henry Davis wa chuo cha Louisville kwa milioni 6.5. Mashabiki walilalamika: mbona si Marcelo Mayer, ambaye Boston Red Sox walimpata namba nne? Ila ile milioni 1.9 haikupotea. Iliwasaidia kuwasajili vijana watatu wa sekondari kwa dau kubwa kuliko thamani ya nafasi zao: Anthony Solometo, Lonnie White Jr., na katika raundi ya tatu Bubba Chandler, aliyepewa milioni 3. Chandler alikuwa njiani kwenda chuo cha Clemson kucheza besiboli na kandanda ya Kimarekani. Agosti 2025 alianza kurusha ligi kuu.

Hukumu yangu? Mkakati ulikuwa sahihi, jina la kwanza ndilo lenye shaka. Gongo la Davis limekuwa zito tangu afike juu. Lakini ukimpima yeye peke yake, umesoma nusu ya hesabu. Chora jedwali la mafungu matatu: mchezaji, thamani ya nafasi, alicholipwa. Jedwali hilo litakuonyesha nani hasa klabu ilimtaka.

Kuna miaka ambayo ujanja hauhitajiki. Bahati nasibu ya kwanza ya drafti iliwapa Pirates namba moja kwa drafti ya 2023, wakamchukua mrushaji Paul Skenes wa chuo cha LSU kwa milioni 9.2, rekodi ya wakati huo. Alikuwa ametoka kuwatoa wapigaji 209 kwa straiki katika msimu mmoja wa chuo. Ukimwona mtu kama huyo, chukua, lipa, nenda nyumbani.

Hatua ya 5: Kumbuka wasiopita kwenye drafti

Drafti ni ya Marekani, Kanada na Puerto Rico. Vijana wa Jamhuri ya Dominika, Venezuela au Uganda husajiliwa moja kwa moja, na dirisha hufunguliwa Januari 15. Ndivyo Los Angeles Dodgers walivyowapata Waganda Ben Serunkuma na Umar Male mwaka 2022, na Pirates wakampata mrushaji David Matoma, naye Mganda.

Kwa kundi hili ongeza subira. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pirates mwaka 2008. Aliingia ligi kuu Aprili 26, 2017, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufika huko, akapiga mpigo uliomfikisha besi ya kwanza katika nafasi yake ya kwanza kabisa. Karibu miaka tisa ligi za chini. Mwandike Matoma kwenye daftari lako kwa penseli, na usimpangie tarehe.

Hatua ya 6: Hesabu siku

Sasa tunafika penye ugomvi wenyewe: kwa nini kijana aliye tayari bado yuko Indianapolis?

Siku 172 kwenye kikosi cha ligi kuu huhesabiwa mwaka mmoja kamili, ingawa msimu una siku kama 187. Baada ya miaka sita kamili mchezaji anakuwa huru kwenda klabu yoyote. Fanya hesabu mwenyewe: ukimchelewesha wiki mbili au tatu mwanzoni mwa msimu, mwaka ule haukamiliki, na klabu inabaki naye mwaka mmoja zaidi. Bryant aliitwa na Chicago Cubs Aprili 17, 2015, akamaliza msimu na siku 171. Imepungua moja. Alilalamika rasmi, na mwaka 2020 akashindwa.

Mkataba wa ligi na wachezaji wa 2022 ulijaribu kuziba mwanya kwa njia mbili. Klabu inayomwanzisha chipukizi wa daraja la juu tangu mwanzo wa msimu inaweza kupewa chaguo la ziada la drafti, kwa mfano akitwaa tuzo ya mchezaji mpya bora. Na mchezaji mpya anayeshika nafasi ya kwanza au ya pili kwenye tuzo hiyo hupewa mwaka kamili hata kama siku hazikutimia.

Rudi kwa Skenes. Mwaka 2024 alianza Triple-A, akarushishwa iningi (vipindi vya mchezo) chache chache, akaitwa Mei 11. Alimaliza msimu akiwa ameruhusu wastani wa pointi 1.96 kwa kila iningi tisa, akatwaa tuzo ya mchezaji mpya bora wa Ligi ya Taifa, moja ya nusu mbili za ligi kuu. Akapewa mwaka wake kamili. Na kwa kuwa hakuanza tangu mwanzo, Pirates hawakupata chaguo la ziada. Klabu ilisema ilikuwa inaujenga mkono wake polepole, na hoja hiyo ina uzito kwa mrushaji wa kasi ya kilomita 160 kwa saa. Lakini iningi chache unaweza kuzipanga hata ligi kuu. Mimi ningemwanzisha Aprili.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu, jiulize kijana ana siku ngapi, na klabu inapata nini akichelewa. Jibu likiwa "hakuna", hapo laumu kwa sauti.

Hatua ya 7: Kagua orodha ya watu 40

Wanaocheza ni 26, ila nyuma yao kuna orodha ya 40 ambao klabu imewalinda. Aliye kwenye orodha hiyo anaweza kushushwa na kupandishwa katika misimu mitatu, si zaidi ya mara tano za kushushwa kwa msimu. Misimu hiyo ikiisha, hashuki bila klabu nyingine kupewa nafasi ya kumchukua. Ndiyo maana kila Machi unaona mchezaji wa kawaida anabaki na kijana bora anashushwa: huyo wa kawaida akishushwa, ataondoka.

Novemba ni mwezi wa kuamua nani alindwe. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini hulindwa baada ya misimu mitano, aliyezidi hapo baada ya minne. Asiyelindwa anaweza kuchukuliwa Desemba kwa dola 100,000, kwa sharti kwamba anayemchukua amweke ligi kuu msimu mzima. Wengi hurudishwa walikotoka. Lakini mwaka 1954 Dodgers walimwacha wazi kijana wa Puerto Rico aliyekuwa timu yao ya chini ya Montreal, Pirates wakamchukua. Jina lake Roberto Clemente, na alimaliza na mipigo 3,000 kamili.

Hatua ya 8: Mauzo ya Julai

Klabu inapotoa chipukizi kwa mchezaji aliyekomaa, andika umri wa kila mmoja na miaka ya udhibiti iliyobaki, yaani kabla hajawa huru. Julai 31, 2018, Pirates walimchukua mrushaji Chris Archer kutoka Tampa Bay Rays, wakawatoa Tyler Glasnow na Austin Meadows, na baadaye Shane Baz aliyekuwa chaguo lao la kwanza la 2017. Glasnow alikuwa akisuasua wakati huo, ni kweli. Ila alikuwa na miaka 24, mrefu kama mnazi, na mpira wake ulikuwa unawaka. Mtu wa namna hiyo hutoi kama nyongeza.

Kwa walio Afrika Mashariki: mechi za jioni za Pittsburgh huanza saa 6:40 kwa saa zao, yaani saa 7:40 usiku kwetu. Ukitaka kuwatazama chipukizi na bado uamke kazini, tafuta mechi za mchana, hasa za katikati ya wiki, ambazo kwetu huanguka saa moja au saa mbili usiku. Daftari liwe karibu. Andika jina, umri, ngazi, tarehe, na unachodhani atakuwa baada ya misimu mitatu. Usifute.