Kabla hujachagua chuo cha filamu, uliza utaongoza filamu ngapi

Umekubaliwa uzamili wa filamu sehemu mbili, chuo chenye jina kubwa na kingine kidogo? Weka jina pembeni kwanza. Uliza: mpaka nahitimu nitakuwa nimeongoza filamu ngapi, na nani anazilipia? Kwenye vyuo vingi ada ni ada tu. Filamu ya kuhitimu inatoka mfukoni mwako, na hapo ndipo watu hukwama: mwaka wa mwisho, muswada uko tayari, hela ya kulisha waigizaji na mafundi kwa siku tano haipo.

Mfumo nao uangalie. AFI, chuo cha filamu cha Los Angeles, Marekani, inakupokea kwa fani moja, miaka 2. Ukiingia kama mhariri, unahariri. Uzamili wa filamu wa NYU (Chuo Kikuu cha New York) ni miaka 3 na umejengwa juu ya kuandika na kuongoza. Mwaka huo wa ziada una ada yake na kodi yake ya nyumba.

Jina lina faida, sikatai, hasa kwa sababu ya wenzako wa darasani: ndio watakaokupigia simu kazi ikitokea. Ila kwa mkopo mkubwa, mimi ningechukua chuo kidogo chenye ufadhili.

Halafu mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili, siyo ofisi ya udahili. Muulize kamera unaazimwa siku ngapi, chumba cha kuhariria kinafungwa saa ngapi, na hakimiliki ya filamu ni ya nani. Akisita kwenye hilo la mwisho, omba mkataba uusome mwenyewe.