Somo: Kufungua vyuma vya kontena sitahani

Hii ni kazi ya kabla ya kupakua, iwe Kilindini au Dar es Salaam. Ifanyeni wawili wawili: kofia ngumu yenye mkanda wa kidevuni, glavu, buti zenye chuma vidoleni, kizibao cha kung'aa, redio.

1. Msiingie kwenye safu ambayo kreni inafanya kazi juu yake, wala ile ya jirani. Kagueni reli za jukwaa kwanza.

2. Legezeni nati ya kuzuia, ndipo skurubu ya kukazia nondo, yaani chuma kirefu kinachofunga kontena kwenye meli. Tumieni mtaimbo mfupi wa meli. Ukiurefusha kwa bomba, siku ukiteleza utakupiga taya.

3. Kabla mwenzako hajaitoa skurubu, uwe umeishika nondo kwa mikono miwili. Ncha ya juu imepachikwa tu kwenye tundu la pembe ya kontena, na nondo ndefu inaweza kufika mita 4 na kilo 20; ikichomoka haidakiki. Iteremsheni pole pole, muilaze mahali pake. Ikiachwa njiani, zamu ya usiku itajikwaa.

4. Makufuli ya pembeni, yanayounganisha kontena la juu na la chini, hufunguliwa kwa fimbo ndefu. Simama ubavuni, usiwe chini yake. Hesabuni pembe zote nne, kontena kwa kontena, maana hapa ndipo uvivu huua: kufuli moja likisahaulika, kontena la juu huinuka na la chini likining'inia upande mmoja, hadi chuma kikatike. Kontena lililojaa huweza kupita kilo 30,000. Ndiyo maana mpiga ishara humwambia dereva wa kreni ainue kama sentimita 30, asimame, patazamwe.

5. Gatini, makufuli yaliyoshuka na kontena hutolewa likiwa usawa wa kifua na limetulia kabisa. Mkono pekee ndio uingie, tena kutoka ubavuni. Likiyumba, ondokeni.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, skurubu ikiganda kwa kutu?
Jibu: Tia mafuta ya kulainisha, nenda kwenye nyingine, urudi. Ikikataa, mwite afisa wa meli. Chuma ni chao, waikate wao. Usigonge kwa nyundo nondo ikiwa bado imekaza.

Swali: Kidole kikikatika tufanye nini?
Jibu: Bana jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono. Kipande kifungeni kwa kitambaa safi chenye unyevu, mkitie ndani ya mfuko wa plastiki, kisha mfuko ndio ukae juu ya barafu. Kikigusa barafu moja kwa moja kinaharibika.

Swali: Mimi ni kibarua wa siku hapa Mombasa, sina karatasi. Nina haki?
Jibu: Ndiyo, ndugu yangu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inatambua mkataba wa mdomo. Chini ya sheria ya fidia ya majeraha kazini, ya 2007 pia, mwajiri anapaswa kumwarifu mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya siku 7; kwa kifo, saa 24. Mwambie msimamizi siku hiyo hiyo, uandike jina la meli, saa, na nani alikuwa nawe.